Mtani wa Chumba cha Saba

Nchi nzima ilipokuwa ikiomba mafuta yashuke bei, mimi nilikuwa naomba yapande. Niliomba kanisani, niliomba kwenye foleni ya unga, niliomba hata wiki ile magari ya wagonjwa yalipolazwa kwa kukosa mafuta, na sikuona haya. Kaka yangu Kasian alikuwa chini ya Ghala la Taifa la Nang'ondo, ndani ya chumba cha saba, amezama kwenye mafuta ghafi ambayo sheria ilikataza kuyagusa mpaka bei ya dunia ivuke mstari. Bei isipopanda, chumba hakifunguliwi, na chumba kisipofunguliwa, maiti haitoki. Nilielezwa hivyo kwa upole na bwana mmoja mwenye tai, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Mstari ulivukwa asubuhi moja nikiwa karakana, nashona vazi langu la kupigia mbizi. King'ora kikalia, na sauti ya Karani ikatoka ukutani: "Bei imevuka mstari. Vyumba vyote vinafunguliwa." Wenzangu wakapiga vigelegele. Ghala likifunguliwa kuna kazi, na kazi ya kupiga mbizi kwenye mafuta inalipa. Somoe, ambaye nimeshuka naye vyumbani tangu tukiwa wasichana, hakupiga kigelegele. Alikuja akaniondolea sindano mkononi, maana nilikuwa najichoma bila habari.

"Sasa utamzika, Gaudensia," akasema.

"Nitamzika. Na aliyemuua ndiye atakayekwenda kumtoa."

Hakuniuliza ni nani. Somoe alikuwepo siku ile.

Miaka tisa nyuma mafuta yalikosa mnunuzi duniani. Meli zilizunguka baharini zikitafuta pa kumwaga mzigo, na wenye meli wakawa radhi kumlipa yeyote atakayeupokea. Nchi nyingine hazikuwa na pa kuyaweka. Sisi tulikuwa na chumvi. Chini ya vilima vya Nang'ondo kuna mwamba wa chumvi mnene ajabu, na ukiupelekea maji unayeyuka taratibu na kukuachia chumba kikubwa ambacho mafuta hayapenyi ukuta wake. Tukatoboa vyumba, tukavijaza maji ya chumvi, kisha tukawa tunayavuta maji yale kwa chini huku mafuta ya bure yakiingia kwa juu.

Chumvi ina tabia moja mbaya, inasogea. Inasogea polepole, unga uliokandwa ukiachwa juu ya meza hufanya hivyo hivyo, na paa la chumba linakaa juu kwa sababu tu kilichomo ndani kinalisukuma. Ukivuta kwa kasi kuliko unavyojaza, pengo linabaki, na paa linaanza kulia. Sisi wapiga mbizi tunaijua sauti hiyo. Tunashuka kukwangua nta kwenye midomo ya mabomba, kwa kuwa mafuta yale ni mazito na yakipoa yanaganda kama samli. Kule chini hakuna kuona. Kofia ina mtambo tunaouita sikio: unapiga sauti, mwangwi unarudi kifuani, na ukuta unauhisi kama mtu anayekupapasa gizani. Mgongoni kuna mrija wa joto. Juu kisimani anakaa mshika joto, mkono kwenye koki, na uhai wako uko kwenye kiganja chake.

*

Lukelo Kihwele, Mkuu wa Ghala, alikuwa na picha yake kwenye kila shule ya msingi. Yeye ndiye aliyejaza vyumba wakati mafuta hayana thamani, na magazeti yakambandika jina la Baba Akiba. Ni Mhehe wa Iringa, mimi ni Mngoni wa Peramiho. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, walipochoka wakawa watani. Mtani unamtukana, unamnyang'anya kofia, unamwambia maneno ambayo mtu mwingine angekutoa meno, na haruhusiwi kukasirika. Mtani akifiwa, wewe ndiye unayechimba kaburi na kuingia ndani kuipokea maiti, huku ukimzodoa marehemu ili wafiwa wapate kucheka. Huwezi kukataa kazi hiyo. Wala huwezi kumwekea mtani kinyongo, na mimi nilikuwa nimekiweka miaka yote ile.

Nilimkuta ofisini, mlango wazi, makatibu wawili nje.

"Mngoni kaingia bila hodi," akasema. "Haya, ficheni vyombo."

"Nimefiwa, Mhehe."

Kicheko kikamkwama. "Pole sana. Lini tena?"

"Siku ile chumba cha saba kilipoanguka. Wewe ulikuwepo."

Akaweka miwani mezani. "Gaudensia, nimekwishaunda timu. Vijana wazuri, watamtoa kwa heshima zote."

"Sitaki timu. Kasian yuko kaburini bila kuzikwa, na anayeingia kaburini ni mtani wake. Mtani wake ni wewe. Au babu zako walipowakimbia babu zangu, na utani nao waliudondosha njiani?"

Makatibu wakacheka. Naye ikambidi acheke, maana asiyecheka ndiye aliyeshindwa.

"Mimi mzee sasa, Mngoni. Magoti haya yamebaki ya kupandia ngazi."

"Mafuta yatakubeba. Si uliwahi kupiga mbizi? Joto nitakushikia mimi."

Kihwele si mjinga, alielewa nilichokuja kumwambia. Makatibu walikuwa bado wanacheka pale mlangoni, na mmoja wao naye alikuwa Mngoni.

"Sawa," akasema. "Mtani hakatai."

*

Niwaeleze kuhusu Karani, kwa sababu bila Karani kaka yangu angekuwa hai.

Karani ndiye akili inayoendesha Ghala. Anasikiliza kila mtu, ananunua, anauza, anafungua na kufunga pampu kwa sauti tu. Mwanzoni utani ulimchanganya. Mngoni mmoja alimwambia Mhehe afunge bomba lake kabla hajalifunga kwa kiatu, Karani akafunga bomba kweli, na meli ikakwama. Mafundi wakamfundisha: maneno ya watani yawekwe pembeni. Wakaongeza jambo moja, na ndilo lililoua. Kila anayetania huapa kwamba hatanii, kwa hiyo Karani asimsadiki msemaji akiapa hivyo. Anayesadikiwa ni mtaniwa. Yeye akisema, "Huyu hatanii," maneno yanapokelewa.

Siku ile meli zilikuwa zimepanga mstari. Kihwele alikuwa ameagiza maji yavutwe haraka ili mafuta yaingie haraka. Kasian alipanda kutoka chumba cha saba, akavua kofia, akamwambia mbele ya watu, kwa namna waliyozoea kusemezana: "Mhehe, paa linalia kule. Litakudondokea vibaya kuliko mikuki ya babu zangu. Simamisha pampu." Watu wakacheka. Akasema, "Sitanii, Mhehe." Wakacheka zaidi. Wote wakamgeukia Kihwele wasikie atajibu nini. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Badala yake akasema, "Mngoni anaogopa giza, mwashieni taa," na Karani akayaweka pembeni maneno ya Kasian. Kaka yangu akarudi chini kumalizia zamu. Ripoti ikasema tetemeko la ardhi.

*

Tulimshusha Kihwele asubuhi. Nilimfunga kofia mimi mwenyewe, nikakaza kila kifungo, nikakaa kwenye kiti cha mshika joto. Laini ya mshika joto ni ya watu wawili tu. Hata Karani haisikii, desturi ya wapiga mbizi, kwa sababu mtu akiwa chini huongea mambo ya aibu.

Alishuka polepole, akihema. Nilisikia mkwaruzo wa kofia ukutani.

"Nimemgusa," akasema. "Amelala juu ya bamba la paa. Vazi lake ni zima."

Akaanza kazi ya mtani. "Kasian, mvivu mkubwa wewe. Wenzako wanakesha kazini, wewe umejinyoosha kama bwana harusi. Amka, Mngoni."

Nilikuwa nimepanga kungoja mpaka amfunge kamba kaka yangu. Nilipousikia mzaha ule, mkono ukaanza wenyewe. Nikaizungusha koki kuifunga, kidogo, tena kidogo.

"Mngoni. Joto linapungua."

"Nakutania tu, Mhehe."

Nta haina haraka. Inaanza vidoleni, inapanda miguuni, mtu anahisi ameshikwa na blanketi zito lisiloachia. Nililijua jambo hilo na nililifurahia. Sitaki mtu anifikirie vizuri kuliko nilivyokuwa. Nilikaa pale kwenye kiti, nimeshiba furaha.

"Nilijua," akasema baadaye, sauti imebana. "Kasian hakuwa anatania. Nilipiga mbizi kabla yake, paa likilia nalijua. Meli zilikuwa zinasubiri, Waziri alikuwa kwenye simu. Watu walikuwa wamekwisha kucheka, Gaudensia. Ilikuwa rahisi kucheka nao."

"Nta imefika wapi?"

"Mapajani."

"Ikifika kifuani uniambie."

"Nitakwambia. Ila sikiliza kwanza. Sikio linanipa sauti kutoka ukuta wa mashariki. Nilidhani ni paa la hapa. Si la hapa. Ni chumba cha tatu kinacholia."

Mkono ukasimama kwenye koki.

"Karani anakinyonya kwa pupa," akasema, "kwa sababu bei iko juu na meli ziko nje. Maji yanayorudi chini ni kidogo. Hana habari ya hatari. Anajua kilichoandikwa kwenye ripoti tu, na ripoti ya cha saba iliandikwa tetemeko. Nani anashuka kule?"

"Somoe. Kesho, baada ya mazishi."

"Mkataze."

"Nikimkataza watamshusha mwingine. Wewe ndiye Mkuu, wewe simamisha pampu."

"Bei ikiwa juu ya mstari sina amri hiyo. Niliiandika sheria mwenyewe, ili asije mkuu mwoga akaficha mafuta watu wanapoyahitaji. Pampu zinasimama kwa njia moja. Niseme mbele ya Waziri na Karani kwamba cha saba kiliangushwa na pampu. Kwamba ni mimi." Akahema. "Akisema mtu mwingine ni fununu. Sasa fanya unavyotaka, binti. Nta iko kiunoni."

Nimefikiria mara nyingi juu ya muda ule. Nilikuwa na kisasi changu mkononi, ni chuma, kina baridi, kinazunguka kulia. Na nilikuwa na Somoe, ambaye ana watoto wawili na jino moja lililovunjika kwa kicheko cha ulevi kwenye harusi yangu. Nikaizungusha koki kushoto. Sikumsamehe, niseme wazi. Nilikuwa nauhitaji mdomo wake.

"Mfunge kamba kaka yangu," nikamwambia. "Waziri atakuja mazishini. Utayasema ukiwa ndani ya kaburi, watu wote wasikie."

*

Walimfungua Kasian kwenye vazi lake mbele yangu. Mafuta yalikuwa yamemtunza. Alikuwa kaka yangu mkubwa, aliyenifundisha kuogelea, na sasa nilikuwa nimemzidi umri. Nilimfuta uso kwa khanga mpaka Somoe akanishika mkono akaniambia inatosha.

Tukamzika kwenye makaburi ya wafanyakazi, kilimani juu ya Ghala. Ukisimama pale unahisi pampu zikivuma kwenye nyayo. Waziri alikuja na watu wake, Padri akasoma, na kipaza sauti cha Karani kikawa kimefungwa kwenye nguzo kama kwenye kila mkutano. Wahehe walikuwa wamechimba tangu alfajiri, wakimsema Kasian kwamba hata kufa alichelewa. Watu walicheka vizuri. Kihwele aliingia kaburini akiwa ameshika kiuno, akampokea kaka yangu mikononi. Akasimama naye.

"Nisikilizeni," akasema. "Huyu nilimuua mimi."

Kicheko kikapasuka. Mhehe mmoja akapaza sauti: "Na kuku wa bibi yangu ulimla wewe."

"Hakukuwa na tetemeko. Nilivuta maji kwa kasi, paa likaanguka. Ripoti niliitunga. Na sasa hivi chumba cha tatu kinalia vile vile. Mheshimiwa Waziri, sitanii."

Waziri alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Kwenye nguzo Karani akasema kwa adabu: "Maneno ya watani. Yamewekwa pembeni."

Kihwele akarudia. Sauti ikamkatika, akalia, na hilo ndilo lililowamaliza watu kabisa, maana mtani anayelia kaburini ni fundi wa kazi yake. Akinamama wakapiga vigelegele. Akageuza macho huku na huku akitafuta uso mmoja usiocheka, na hakuuona, mpaka akafika kwangu.

Nikamwacha. Kaka yangu alizitazama nyuso hizo hizo, meno nje, akiwa amesema kweli. Nilitaka Kihwele azitazame mpaka azikariri. Nilikuwa na neno lile moja kinywani, na nililifurahia kulibana kuliko nilivyoifurahia koki. Ningeweza kukaa kimya tu. Angetoka pale akiwa mchekeshaji, na kila mahali atakapojaribu kuungama kwa maisha yake yote, watu wangekumbuka mazishi haya na kumpigia makofi. Gereza gani lingemfaa kuliko hilo?

Pembeni yangu Somoe naye alikuwa anacheka. Alijua kila siri yangu, lakini hiyo ya chumba cha tatu sikuwa nimemwambia, na machozi ya Kihwele yalikuwa yamemchanganya kama walivyochanganyikiwa wengine. Alikuwa ameniegemea bega, mdomo wazi, jino lake lile linaonekana. Chini ya khanga yake ulichungulia ukosi wa vazi la mbizi. Alikuwa amelivaa tayari ili asichelewe zamu.

Nikasimama.

"Karani."

"Nakusikia, Gaudensia Nyoni."

Ilitosha niseme kwamba hatanii. Neno hilo lingesimamisha pampu, na mimi na Kihwele tungebaki watani, na mtani humsamehe mtani kabla udongo haujarudishwa. Hiyo ndiyo desturi. Nilimtazama akiwa amemkumbatia kaka yangu, nikaona jinsi ile desturi ilivyokuwa imemlinda siku zote.

"Mimi ni Mngoni, yule ni Mhehe," nikasema. "Kuanzia sasa mimi na Lukelo Kihwele si watani. Hatanii leo. Wala siku ile kaka yangu hakutania. Pokea maneno yao wote wawili."

Kicheko kikafa, kikaanza mbele kikaishia nyuma. Bibi mmoja wa Kingoni akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Hakuna aliyekuwepo pale aliyewahi kusikia utani ukivunjwa. Tulisikia tu kwamba zamani ukivunjwa, kilichofuata ni mikuki.

"Yamepokelewa," Karani akasema. "Yote mawili."

Na chini ya nyayo zetu pampu zikasimama. Mtu akishazoea mvumo ule hausikii tena, lakini ulipokoma kila mtu alitazama miguu yake. Waziri akainuka kwenye kiti. Somoe alikuwa amenikamata mkono, hacheki tena, anatazama mabomba ya chumba cha tatu kule bondeni.

Kihwele akafumba macho. Uso wake ukalegea, ukawa mwepesi, kama wa mtu aliyetua gunia. "Asante, Mngoni," akasema.

Wepesi ule ndio ulionichoma.

"Usiniite hivyo. Wanaoniita hivyo ni watani zangu. Kama ungekuwa mtani ningelazimika kukusamehe hapa hapa. Sasa silazimiki, na sitafanya. Mlaze kaka yangu, halafu utoke. Mtu asiye mtani hana kazi kwenye kaburi la kwetu."

Akamlaza. Alimlaza vizuri, sitamnyima hilo, akamweka kichwa sawa. Kisha akataka kupanda. Udongo ukamporomokea mikononi, akateleza, akarudi chini. Kwa kawaida hapo ndipo watani hushangilia na kumvuta mwenzao kwa makelele. Akawanyooshea mkono Wahehe wenzake, wakaniangalia mimi. Akaninyooshea mimi. Somoe akataka kusogea, nikamzuia.

Alipanda mwenyewe, kwa viwiko na magoti yake yale mabovu, akatoka na udongo mwekundu mpaka kwenye ndevu. Watu walimpisha njia kuelekea walikosimama askari wa Waziri. Wahehe walikuwa wamerudi nyuma na majembe yao, hakuna aliyejua kama bado anaruhusiwa. Mfiwa hashiki chepe, ni mtani anayemnyang'anya. Nikaliokota lililokuwa karibu, nikangoja kidogo, hakuna aliyekuja kuninyang'anya. Nikaanza kumfukia kaka yangu.